Udzungwa: Hifadhi Isiyo na Barabara

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ila habari zake zinaanzia nyuma kidogo. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa msituni Mwanihana wakifuatilia mbega wekundu, wakasikia mlio wa kima wasiyemfahamu. Mwenyeji aliyewaongoza hakushtuka. Huyo ni ngolaga, na watu wa pale walimjua siku zote. Baadaye watafiti wakaonyeshwa mtoto wa kima huyo akiwa anafugwa kijijini Sanje, na leo vitabu vinamwita mangabei wa Sanje. Haishi popote duniani ila Udzungwa.

Kisa cha kwale kinachekesha zaidi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona kambini, ndani ya sufuria ya kitoweo, miguu ya ndege wasiyeweza kumtaja. Kumbe ni kwale ambaye sayansi haikuwa imemwandika, na jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia! Mwaka 2008 akaongezeka sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana.

Misitu ya Udzungwa ilikuwa tayari chini ya serikali kama misitu ya akiba, Mwanihana ukiwa mmojawapo. Hadhi ya hifadhi ya taifa iliunganisha kilomita za mraba 1,990 chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, makao yakawekwa Mang'ula. Thamani kubwa ya eneo hili ni mteremko wake wa mashariki: msitu unapanda bila kukatika kutoka mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari hadi kupita mita 2,000. Kwingi Afrika Mashariki msitu wa chini umeshageuzwa mashamba, ukabaki wa kileleni tu. Huku mkulima wa miwa wa Kilombero, akiinua macho, anauona wote, na maji anayotumia yanashuka kutoka humo.

Majirani wa hifadhi wamelipa gharama yake. Kwa miaka mingi waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Kwa afya ya msitu uamuzi ulikuwa na hoja. Kwa mama aliyezoea kupata kuni nyuma ya kijiji, haukuwa jambo dogo, na historia ya hifadhi inayoruka sura hiyo haijakamilika. Miti ya kupandwa vijijini na majiko yanayotumia kuni chache vimesaidia, lakini havikuziba pengo siku moja.

Ndani hakuna barabara za watalii. Mgeni anatembea na mwongozaji, kwenda maporomoko ya Sanje yenye mita 170 kwa saa chache, au kwa siku kadhaa akitaka kilele cha Luhombero. Kwa mapato ya lango Udzungwa haitaifikia Serengeti, wala isipimwe kwa kipimo hicho. Anayetoka Mikumi anashika njia ya Ifakara, anapita Kidatu, kisha anafika Mang'ula. Avae viatu vya kutembelea.