Ubundu: mji uliozaliwa na maporomoko

Anayeteremka mto Lualaba kutoka Kindu husafiri zaidi ya kilomita 300 bila kulazimika kushuka chomboni. Mto ni mpana, na boti za mbao zilizosheheni mchele, mawese, mbuzi na abiria hupita kijiji baada ya kijiji. Akifika Ubundu, safari ya majini imekwisha. Mbele yake yapo maporomoko saba, yametawanyika kwa mwendo wa kilomita 100 hivi, yakishuka jumla ya mita 60 mpaka Kisangani, ambako mto huo huo unaanza kuitwa Kongo. Hapo kila mtu anatii amri moja, awe tajiri au maskini, mwenyeji au mvamizi: shuka, beba mzigo, zunguka.

Ubundu ni mtoto wa amri hiyo. Leo ni makao makuu ya wilaya kubwa yenye misitu minene katika mkoa wa Tshopo, na wengi nje ya Kongo wameisikia kwa habari za vita tu. Lakini mji huu mdogo umebeba historia ambayo miji mikubwa ingejivunia, kwa sababu kila aliyetaka kuvuka bara hili kwa njia ya mto alilazimika kukanyaga ardhi yake. Historia hiyo ni urithi wenye thamani, na watu wa kwanza kuulinda ni wale walioishi nao siku zote.

Watu wa maji, watu wa msitu

Wenyeji wa eneo hili ni Walengola, Wamituku, Wakumu na Wagenia. Watatu wa kwanza ni watu wa msitu, wakulima na wawindaji. Wagenia ni watu wa mto, na ujuzi wao unaonekana wazi zaidi kwenye poromoko la mwisho, pale Kisangani. Huko huchomeka magogo marefu katika nyufa za miamba katikati ya maji yanayochemka, wakayafunga kwa kamba za msituni mpaka yakawa jukwaa linalostahimili nguvu ya mto. Kwenye jukwaa hilo hutundika madema makubwa, mapana mdomoni na membamba mkiani, yakiuelekea mkondo. Samaki anayesukumwa na maji huingia ndani na hawezi kugeuka. Mvuvi hupanda magogo hayo yenye utelezi bila viatu, akalivuta dema kwa kamba huku povu likimrukia usoni. Kila ukoo una mahali pake, na mtoto hurithi jiwe la babu yake kama vile wengine wanavyorithi shamba.

Mto huu umegawa pia wanyama. Bonobo hawapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu iliyo kusini na magharibi mwa mto Kongo na Lualaba. Sokwemtu wanaishi ng'ambo ya pili. Jamii hizi mbili ni ndugu wa karibu, lakini hazijui kuogelea, na kwa muda usiopungua miaka laki kadhaa maji yamezitenga hadi zikawa na maumbo na tabia tofauti. Wilaya ya Ubundu imekaa pande zote mbili za mto huo.

Msitu wenyewe una maeneo ambayo mti mmoja, limbali, umetawala karibu kila kitu, na kivuli chake ni kizito kiasi kwamba chini yake havioti vichaka vingi. Upo pia afromosia, mti wa mbao ngumu unaotafutwa na wafanyabiashara wa dunia nzima. Humo wamo kasuku wa kijivu, nguruwe mwitu, paa wa aina nyingi na tausi wa Kongo.

Kisa cha tausi huyu kinafundisha. Mwaka 1913 mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, James Chapin, aliona unyoya asioutambua katika kofia ya mwenyeji wa Ituri. Akautunza kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa na kuandikwa kimakosa kuwa ni tausi wa Asia. Mwaka uliofuata alirudi Kongo kuwatafuta walio hai, akawapata. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalishangilia ugunduzi huo. Wawindaji wa misitu hii walikuwa wakimtega ndege huyo na kumla tangu enzi za mababu. Miaka 70 baadaye ikawa vivyo hivyo kwa lesula, kima ambaye watafiti walimwona mwaka 2007 katika wilaya jirani ya Opala, akiwa amefugwa nyumbani. Sayansi ilimpa jina lake rasmi mwaka 2012, lakini jina la lesula wanakijiji walikuwa nalo tayari.

Njia ya Waungwana

Januari 1877, mpelelezi Henry Morton Stanley alifika kwenye maporomoko haya akitokea Nyangwe, juu ya mto. Sehemu ya njia alikuwa amesindikizwa na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tajiri wa Zanzibar ambaye misafara yake ilikuwa imekwisha kutawala Maniema. Kwa wiki tatu hivi watu wa Stanley walikata njia msituni, wakaburuta mitumbwi nchi kavu poromoko baada ya poromoko, huku wenyeji wakipigana nao kuilinda nchi yao. Kisha Stanley akayabatiza maporomoko hayo jina lake mwenyewe. Leo yanaitwa Boyoma.

Nyuma yake wakaja Waungwana, wafanyabiashara na wapagazi kutoka pwani na Unyamwezi, pamoja na vijana wa Maniema waliojiunga nao. Walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Vijiji vilichomwa, watu wakafungwa minyororo, na simulizi za familia nyingi za Tshopo bado zina jeraha hilo. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa eneo la Maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mapatano yaliyodumu miaka michache tu.

Juu ya mto kutoka Ubundu kipo Kirundu, kilichokuwa ngome ya Kibonge, mfanyabiashara mwenye asili ya Komoro. Oktoba 1892, kwa amri yake, Emin Pasha, Mjerumani aliyepata kuwa gavana wa jimbo la Ikweta huko Sudan na mkusanyaji hodari wa ndege na wanyama, aliuawa akiwa safarini msituni. Wakati huo vita kati ya dola ya Leopold nchini Kongo na wafanyabiashara hao, walioitwa Waarabu, vilikuwa vimeanza. Mwaka 1893 ofisa wa Kibelgiji aitwaye Pierre Ponthier alikufa kwa majeraha aliyoyapata katika vita hivyo, na Kibonge naye akauawa na dola hiyo mwaka 1895. Washindi wakaupa mji wetu jina la ofisa wao: Ponthierville. Uliitwa hivyo mpaka baada ya uhuru, majina ya kikoloni yalipofutwa.

Waungwana walishindwa vita lakini hawakuondoka. Waliacha mpunga, ambao mpaka leo ni zao kuu la wakulima wengi wa Tshopo na Maniema. Waliacha Uislamu. Na waliacha Kiswahili, kinachosikika sokoni Kisangani kikichanganyika na Kilingala. Lugha iliyokuja pamoja na minyororo imekuwa lugha ya mama kumwimbia mwanawe. Ni haki kuyakumbuka yote mawili.

Kilomita 125 za chuma

Wakoloni nao walikuta maji yale yale na amri ile ile. Mwaka 1902 bwanyenye wa Ubelgiji, Édouard Empain, alianzisha kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL. Kazi ilianza mwaka 1903 kutoka ukingo wa kushoto wa mto, ng'ambo ya Kisangani, na mwaka 1906 treni ilifika Ponthierville. Kongo ilikuwa bado mali binafsi ya Leopold. Ilikuwa enzi ya mpira na shokoa, na watu walikatiwa njia ya chuma katikati ya misitu yao bila kuulizwa.

Reli hiyo fupi ilikuwa pingili ya kwanza ya mnyororo mrefu. Abiria alishuka treni Ubundu, akapanda meli mpaka Kindu. Huko palikuwa na reli nyingine ya kuyazunguka maporomoko ya juu, kisha mto tena, na kuanzia mwaka 1915 reli ya kwenda Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Akivuka ziwa alikuta Kigoma na reli ya kati ya kwenda Dar es Salaam. Ndiyo sababu mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa na Uingereza maeneo yake ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yale ambayo wazee wa Tanzania wanayakumbuka kwa jina la Belbase. Mzigo uliopitia Ubundu uliweza kutokea Bahari ya Hindi.

Lakini reli ya Ubundu ilikuwa na upungufu uliokuja kuiumiza. Upana wake ni mita moja, tofauti na reli nyingine za nchi, kwa hiyo vichwa vya treni na mabehewa ya kusini hayawezi kutumika juu yake. Miaka ya uchakavu ilipofika, ikabaki yatima. Treni zikawa za kubahatisha. Watu wa njia hiyo wakageukia pikipiki na baiskeli, na wanaume wakawa wanasukuma mizigo ya vidumu vya mawese na magunia ya mchele kwa siku kadhaa kwenye njia za matope. Upagazi wa zamani ukarudi juu ya magurudumu mawili.

Mwaka 1951, hapa na Uingereza

Mwaka 1951 Ponthierville ilipata wageni wasio wa kawaida. Mwongozaji John Huston, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, walipiga kambi kwenye mto Ruiki, tawi la Lualaba, kutengeneza filamu ya The African Queen. Hadithi yake ilitokana na riwaya ya mwaka 1935, iliyochochewa na vita vya majini vya ziwa Tanganyika ambamo Wajerumani walikuwa na meli Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba. Bogart alipata tuzo ya Oscar. Dunia iliona mto na msitu wa Ubundu bila kutajiwa Ubundu.

Mwaka huo huo, nchini Uingereza, milima na mabonde ya Peak District yalitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo. Chimbuko lake lilikuwa la wananchi. Mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, waliupanda mlima Kinder Scout ambao matajiri waliufunga kwa ajili ya uwindaji wao, na baadhi yao wakafungwa jela. Hifadhi iliyozaliwa baadaye haikumfukuza mtu. Vijiji vimo ndani yake, wafugaji wa kondoo wamo, na kuta za mawe walizojenga wakulima wa kale zinahesabiwa kuwa urithi sawa na ndege na maua.

Kwetu hifadhi zilichukua njia nyingine. Maiko ilitangazwa mwaka 1970 mashariki mwa hapa, na Lomami mwaka 2016 kusini magharibi. Zote ni hazina, na wanaozilinda wanastahili heshima. Hata hivyo, kwa muda mrefu hifadhi katika nchi hii imemaanisha mpaka ambao mwenyeji haruhusiwi kuuvuka. Ubundu inaweza kuionyesha Kongo njia nyingine.

Deni la reli

Kabla ya hapo, lipo jambo lisiloweza kurukwa. Mwanzoni mwa mwaka 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, waliokimbia vita kutoka Kivu kwa miguu, walifika Ubundu, wakavuka mto na kuifuata reli kuelekea Kisangani. Walipiga kambi Biaro na Kasese. Mwezi wa Aprili kambi hizo zilishambuliwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilieleza mauaji ya halaiki yaliyofanywa na wapiganaji wa kundi la waasi la AFDL na wanajeshi wa Rwanda kandokando ya reli hiyo. Wanawake, watoto na wagonjwa walizikwa msituni bila majina. Makaburi hayo nayo ni urithi wa Ubundu, na kuyawekea alama ni wajibu wa walio hai.

Leo tishio limehamia kwenye msitu. Kasuku wa kijivu wametegwa kwa ulimbo na kusafirishwa kwa maelfu, hata mwaka 2016 mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara yao ya kimataifa. Miti inakatwa kwa mkaa na mbao. Kusini mwa Kisangani, kwenye njia ya Ubundu, hifadhi ya msitu ya Yoko, yenye karibu hekta 7,000, inatumiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani, nayo inahitaji kulindwa dhidi ya mashamba na mashoka.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2014, jamii yenye haki ya kimila juu ya msitu inaweza kuomba kupewa hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda, na kuusimamia yenyewe. Hapo ndipo Walengola, Wamituku, Wakumu na Wagenia wanapoweza kuwa walinzi wenye hati, si wasumbufu wa kufukuzwa. Zikiandikwa pia simulizi za wazee wa reli na wavuvi wangali hai, na reli ikifufuliwa ili mkulima asisukume tena gunia kwa baiskeli, kila kitu kinachohitajika kuuhifadhi mji huu kitakuwa mikononi mwa wenyewe. Waliomjua tausi kabla ya makumbusho wana haki ya kwanza ya kuamua msitu wake utatunzwaje.