Historia Iliyosomwa Kando ya Kazi

Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa uuguzi au wa uhandisi anaweza kuchukua historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi kuwa fani yake ya pili, kando ya ile atakayoajiriwa nayo. Wapo wanaoiona nafasi hiyo kuwa ya unyonge, mithili ya mgeni aliyekaribishwa ndani kisha akaketishwa mlangoni. Mimi naona kinyume chake. Somo hili lilizaliwa kando ya kazi nyingine, na hapo kando ndipo linapofaa zaidi.

Carter G. Woodson, anayeitwa baba wa historia ya Wamarekani Weusi, alizaliwa Virginia mwaka 1875 na wazazi waliopitia utumwa. Ujanani alichimba makaa ya mawe huko West Virginia. Mchimbaji mwenzake, Oliver Jones, alikuwa amepigana katika vita vilivyokomesha utumwa, lakini hakujua kusoma. Wachimbaji walikutana nyumbani kwa Jones, Woodson akawasomea magazeti kwa sauti, naye akasikia kutoka vinywani mwao habari za vita ambazo hazikuwa vitabuni. Alianza sekondari akiwa na miaka 20. Mwaka 1912 akapata udaktari wa historia Harvard, wa pili miongoni mwa Weusi baada ya W.E.B. Du Bois. Hakungoja vyuo vimfungulie mlango. Mwaka 1915 alianzisha chama cha utafiti, mwaka uliofuata jarida, na Februari 1926 juma la kuadhimisha historia hiyo, akiwategemea walimu wa shule na waumini wa makanisa, watu wenye shughuli zao nyingine.

Vyuo vikubwa vilichelewa mno. Novemba 1968 wanafunzi wa San Francisco State waligoma, na mgomo ukadumu zaidi ya miezi minne, polisi wakiingia chuoni na mamia wakikamatwa, mpaka idara ya masomo ya Weusi ikapatikana. Programu nyingi za namna hiyo zilianza kufundisha Kiswahili pia, jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi tunaokitumia.

Pingamizi zito lilitoka ndani. Mwaka 1969 W. Arthur Lewis, mchumi Mweusi mzaliwa wa St. Lucia aliyekuja kutunukiwa Nobeli mwaka 1979, alionya kwamba kijana Mweusi atapanda ngazi kwa uchumi, uhandisi na udaktari, si kwa masomo haya. Alisema kweli kuhusu ajira. Lakini fani ya pili haimwondoi mtu kwenye uhandisi wala udaktari, bali humsaidia kumwelewa anayemhudumia. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, maofisa wa afya wa serikali waliwachunguza wanaume Weusi wapatao 600. Kati yao, 399 walikuwa na kaswende, nao hawakuambiwa ukweli wala kupewa penisilini hata ilipokwisha kuwa tiba ya kawaida. Muuguzi asiyeijua habari hii atamwona mgonjwa anayesita kutoa damu kuwa mkaidi tu. Vivyo hivyo ofisa wa benki: katika miaka ya 1930 shirika la serikali lilichora ramani za miji, likapaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kukopeshwa, na mitaa ya Weusi ikawa humo.

Watasema kozi tano au sita humpa mtu juujuu tu. Ni kweli kwa anayetaka kuwa mtafiti, na kwa sababu hiyo idara kamili, yenye walimu wake, haina mbadala. Bila hiyo hata fani ya pili haina wa kuifundisha. Ila nchi haiwezi kuwaachia watafiti peke yao kumbukumbu ya watu wake. Mwaka 2020 California ilipitisha sheria inayomtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika mfumo wa vyuo ambao San Francisco State imo, awe wa fani gani, asome angalau kozi moja ya masomo ya Weusi au ya jamii nyingine zilizobaguliwa.