Karantini ilipogeuka adhabu

Uzi mfupi. Kila tukijadili afya, lazima mtu aseme wananchi hawakuamini maafisa wakati wa Korona kwa sababu ya ujinga na uvumi wa WhatsApp. Sikubali.

Rudi Machi 2020. Kafyu ilianza tarehe 27. Jioni hiyo hiyo pale Likoni, watu waking'ang'ania feri wafike nyumbani kabla ya saa moja, polisi wakawarushia vitoa machozi. Tumeambiwa tusikaribiane, tusijiguse uso, halafu umati mzima unakohoa na kupangusa macho! Nilikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa, nikaona video kwa simu ya mamangu.

Halafu karantini. Siku 14, na bili ni yako. Aprili, waliovunja kafyu nao wakaanza kupelekwa huko huko. Kwangu mimi hapo ndipo mambo yaliharibika: mtu amechelewa matatu tu, anawekwa pamoja na watu wanaoshukiwa kuambukizwa. Kuna waliopanda ukuta wakatoroka.

Sasa fikiria uko na kikohozi. Utaenda kupimwa? Na ukifungiwa wiki mbili, kodi ya nyumba italipwa na nani? Jirani yetu, mama wa kufulia watu nguo, alichemsha tangawizi na ndimu akanyamaza. Maagizo alikuwa ameyaelewa vizuri sana. Alichoogopa ni bili.

Mei serikali ikatangaza kwamba itagharamia karantini. Lakini hata Kawangware na Eastleigh, kupimwa ikiwa bure, waliojitokeza walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa.