Chewa Mwenye Kovu

Kwenye soko la samaki la Bagamoyo, ufukweni karibu na jengo la forodha lililoachwa na Wajerumani, mnadishaji hana muda wa porojo. Samaki anatupwa mchangani au mezani, bei inatajwa, mkono unanyooshwa, ameshauzwa. Ila mara mojamoja hutokea chewa mwenye taya lililopinda, au changu mwenye kibyongo, na hapo hata mama lishe mwenye haraka ya kuwasha jiko husogea kutazama.

Wavuvi wa mshipi ndio wanaowaona zaidi, maana huvua mmoja mmoja na kila samaki hupita mikononi mwao. Hukuta ndoana ya zamani iliyoliwa na kutu, nyama imeizunguka na kufunga. Hukuta kolekole aliyemegwa mgongoni na papa, ngozi ikarudi nyeusi na laini bila magamba. Pezi lililokatwa huota tena ikiwa shina lake halikuguswa. Gamba nalo huota, lakini lile jipya ukiliinua kwenye mwanga utaona katikati yake ni peupe: miviringo ya ukuaji inaanzia pale tu lilipoota upya. Pweza ndiye bingwa wao. Akipoteza mkono, hukua mwingine, mwanzoni mwembamba kuliko wenzake saba, na wanaomtafuta miambani maji ya bamvua yanapokupwa humtambua bila kuhesabu.

Kibyongo ni habari nyingine. Uti wa mgongo huweza kupinda samaki akiwa bado yai au kitoto, kwa joto la maji, upungufu wa chakula, vimelea, au pigo la udogoni. Wengi wa namna hiyo huliwa na wakubwa kabla ya kutimiza kiganja. Anayefika sokoni ni yule aliyeweza kula na kukimbia hivyohivyo alivyo.

Makovu mengine ni ya mtu, na hayo yana historia ndefu. Mfanyabiashara mmoja Mgiriki wa Misri, katika karne ya 1, aliandika kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kinachojulikana kama Periplus. Ndani yake anaeleza kisiwa cha pwani hii alichokiita Menuthias, ambako watu walikuwa na vyombo vya kushonwa kwa kamba na waliweka matenga ya kunasia kwenye milango ya maji badala ya kutumia nyavu. Msomaji yeyote wa pwani atafikiria dema papo hapo. Karne kumi na zaidi baadaye, Kaole ilipokuwa mji wa misikiti ya mawe, kilomita chache kusini ya Bagamoyo ya leo, watu wa miji ya pwani waliendelea kula kwa wingi samaki wa miambani.

Dema husukwa kwa vipande vya mianzi au fito, mlango wake ukiingia ndani kama faneli, kisha hulazwa miambani na kukandamizwa kwa mawe. Samaki akiingia huzunguka akitafuta pa kutokea mpaka pua ichubuke. Aliye mdogo hujipenyeza kwenye macho ya dema na kuondoka akiwa amebakiza baadhi ya magamba yake. Nyavu za nailoni, zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili mahali pa zile za pamba, zilileta alama yake: mstari unaozunguka shingo nyuma ya mashavu, pale uzi ulipobana kabla samaki hajajinasua. Ndoana, dema, wavu: vyote vina makosa yake, na samaki mwenye kovu ni kosa hilo likiogelea.

Baruti haiachi makovu ya namna hiyo. Ilianza kutumika kuvulia Tanzania miaka ya 1960, ikapigwa marufuku kwa sheria ya uvuvi ya 1970, na haikukoma. Bomu hutupwa juu ya kundi la mbono au vibua. Wimbi la mlipuko hupasua kibofu cha hewa na kuvunja uti. Baadhi huelea, wengi huzama. Bwana samaki anayejua kazi yake hampimi kwa macho: humpasua, akaona damu iliyovia kando ya uti na miiba ya mbavu iliyochomoka nyamani. Jeraha hilo haliwezi kupona kwa sababu aliyelipata hakubaki hai. Akishakatwa vipande na kukaangwa kwenye karai, mnunuzi hana njia ya kujua alikufaje.

Operesheni za jeshi la majini mwishoni mwa miaka ya 1990 zilinyamazisha milipuko, kisha ikarudi. Mwaka 2015 watafiti waliokuwa wakisikiliza pomboo na nyangumi walikokota vinasa sauti vya majini nyuma ya chombo chao kwenye pwani ya Tanzania. Kwa takriban mwezi mmoja walinasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Bagamoyo iko ndani ya duara hilo, na kadhalika Mbudya na Bongoyo, visiwa vilivyotangazwa hifadhi tangu 1975. Hifadhi ya karatasi, mtu angeweza kusema, na asingekosea sana.

Baada ya hapo kikosi cha pamoja cha polisi, uvuvi na vyombo vingine kiliwafuata wauzaji wa baruti nchi kavu badala ya kukimbizana na mitumbwi tu, na milipuko ikapungua sana. Samaki walirudi upesi kuliko nyumba zao. Matumbawe yaliyogeuzwa kifusi hubingirishwa na kila mkondo, na kitoto cha tumbawe hakipati jiwe tulivu la kushika. Miamba ya namna hiyo huchukua miongo kadhaa kujijenga, na mingine bado haijaanza.