Mpepeo, si Mnazi Feni

Orodha ya istilahi za bustani iliyonifikia inatutaka tuuite "mnazi feni" kila mti wa jamaa ya minazi na mitende ambao jani lake limekunjuka kama kiganja. Naipinga tafsiri hiyo ya "fan palm" ya Kiingereza. Jani la mnazi ni kuti: uti mmoja mrefu, vipande vimejipanga kushoto na kulia. Kuuita mnazi mti usiokuwa na kuti ni kumpotosha mwanafunzi kabla hajafika bustanini.

Napendekeza mpepeo. Wanakamati walioiandaa orodha wanasema "feni" limeshazoeleka. Sawa, lakini walifuatilie. Neno hilo tumelitoa kwa Waingereza, na asili yake ni Kilatini, vannus, yaani ungo wa kupepetea nafaka. Kiswahili kina ukoo huohuo kamili, tena ulio hai: pepea, pepeta, pepeo, upepo. Mama anayepepeta mchele na anayepepea jiko la mkaa wanatumia shina moja la neno. Kwa nini tuazime ungo wa jirani na wetu umo jikoni?

Mwenzangu mmoja ameandika kwamba mti huitwa kwa tunda lake, nazi na mnazi, embe na mwembe, hivyo pepeo haliwezi kuzaa mpepeo. Amesahau mkindu, ambao ukindu wake wa kusukia mikeka ni jani, si tunda. Na mkoma na mvumo, mipepeo yetu ya asili, haidhuriki: inabaki na majina yake ndani ya jina la jumla.

Chukua mti unaopandwa sana mbele ya hoteli, Bismarckia nobilis. Wanabotania Hildebrandt na Wendland waliupa jina hilo mwaka 1881 kumtukuza kansela wa Ujerumani, ilhali kwao Madagaska wenyeji wanao satranabe. Mimi nauita mpepeo fedha, maana nta iliyofunika jani huupa rangi ya fedha yenye ubuluu. Litazame jani kwa karibu: bua ni jeupe lenye mabaka ya rangi ya kutu, na mwisho wake unaingia ndani ya ubapa na kuupinda. Mti huu ni ndugu wa karibu wa mkoma, ila shina lake halitoi matawi.

Kwa mpandaji: mbegu hushusha kwanza kikonyo chini ya udongo ndipo jani lichomoze, basi ipande palepale utakapoukuza mti au kwenye chombo kirefu, juani, wala usiichezee mizizi. Ukitaka mbegu, panda zaidi ya mmoja. Dume na jike ni miti mbalimbali.

Wanaolikataa neno mpepeo waonyeshe kasoro yake ya sarufi au ya maana. Mazoea ya miaka michache si hoja, na kamati haina mamlaka ya kuugeuza mkoma kuwa mnazi.