Kichwa Kinachouma Baada ya Kusoma

Mpendwa mwanafunzi wa Masafu unayejiandaa kwenda chuo kikuu, bila shaka umeshapewa orodha ya vitu vya kubeba: godoro, ndoo, vyeti. Leo nakuongezea historia fupi ya mlango mmoja utakaoukuta huko, nao ni wa zahanati ya chuo.

Zamani wagonjwa wa akili nchini Uganda hawakuwa na mlango wa namna hiyo. Katika miaka ya 1920 waliwekwa ndani ya gereza la Hoima. Mwaka 1934 wakahamishiwa Mulago, na mwaka 1955 ikafunguliwa hospitali ya Butabika, Kampala. Hata leo baadhi ya wazee wetu wakilitaja jina la Butabika hushusha sauti. Lugha nayo ilishiriki: wazimu, kichaa, mwendawazimu ni maneno ya kumweka mtu mbali. (Neno ninalolipenda ni sonona, ambalo sasa hutumika kwa huzuni iliyogeuka ugonjwa, mwenye kusonona huumia ndani kwa ndani.)

Mwaka 1960 Raymond Prince, daktari wa akili kutoka Kanada, alieleza hali aliyoikuta kwa wanafunzi wa Nigeria. Walilalamika kwamba kusoma kumewachosha ubongo: kichwa kinawaka moto, macho yanaona ukungu, ukurasa unasomwa bila kushikwa hata neno. Angalia walivyojieleza. Hofu ya kuwaangusha jamaa waliowasomesha haikutajwa. Kilichotajwa ni kichwa.

Kwetu, jambo hili lilichunguzwa Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi. Kati ya 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na vijana wa Uganda, Kenya na Tanzania walisoma humo pamoja. O. P. Arya, daktari katika huduma ya afya ya wanafunzi, alishirikiana na profesa wa magonjwa ya akili, G. Allen German, na mwaka 1969 wakachapisha uchunguzi wao kuhusu maradhi ya akili miongoni mwa wanafunzi wa Uganda. Kwa maoni yangu hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyosifiwa, kwa kuwa swali la akili liliingia katika chumba kilekile cha kutibia malaria.

Nami nilipokuwa nikisomea stashahada ya ualimu, niliumwa kichwa kwa majuma mawili kabla ya mitihani. Nilikwenda zahanati mara tatu, na mara zote tatu nikapewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyeniuliza kama ninalala. Mimi nami sikusema kwamba ada ilikuwa haijalipwa na kwamba usiku nilikuwa nikihesabu madeni hadi jogoo awike.

Chuo Kikuu cha Busitema kilianzishwa mwaka 2007 hapahapa katika wilaya yetu ya Busia, kwa hiyo huenda usiende mbali na nyumbani. Popote utakapokwenda, juma la kwanza uliza zahanati iko wapi, kisha uulize katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi kama kuna mshauri nasaha na siku anazopatikana. Siku kichwa kitakapouma bila homa, mwambie mganga tangu lini hulali, na unawaza nini usiku.