Swali la Kazi katika Kliniki ya Presha: Hoja kutoka Bwejuu

Maji yanapotoka Bwejuu, kijiji cha Unguja, wanawake hushuka pwani, wengine kwenye mwani, wengine kwenye mashimo ya makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa mchangani na kugandamizwa kwa mawe, yakaachwa miezi mingi mpaka nyama yake ioze na kubaki nyuzi. Yakifukuliwa hupigwa kwa gongo na kusuuzwa kwa maji ya bahari, kisha usumba huanikwa. Hadi hapo kazi ni ya maji, na vumbi halina nafasi. Vumbi huja uani, usumba ulipokwisha kukauka, unapokung'utwa na kuchambuliwa tayari kwa kusokota kamba. Msokotaji huinama, uso karibu na mikono. Ule unga wa kahawia unaobaki kwenye mkeka na kwenye kanga yake ndio uliosalia. Mwingine umeshapita puani. Hatua chache kutoka alipokaa, mafiga yanawaka kwa kuni, makuti na vifuu.

Mwanamke huyu akifika miaka sitini na kwenda kituo cha afya, mara nyingi huenda kwa ajili ya presha. Anapimwa, anapewa vidonge, anaambiwa apunguze chumvi. Akisema kifua kinambana na pumzi inamkatikia akipanda kutoka pwani na mzigo kichwani, huambiwa ni pumu, au ni umri. Kazi yake haiulizwi. Hoja yangu ni kwamba kliniki ya presha ndiyo mahali hasa pa kuuliza habari za kazi, kwa sababu mbili: ndiko mgonjwa anakorudi mwezi hadi mwezi, na jibu lake linaweza kubadilisha dawa anayoandikiwa.

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1700 tabibu Bernardino Ramazzini wa Modena, Italia, alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi ya wafanyakazi, na aliwataka wenzake waongeze katika maswali waliyorithi kwa Hippocrates swali la kazi ya mgonjwa. Orodha ya maradhi ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inautambua ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa unaotokana na vumbi la mawe, mbao, nguo na kazi za kilimo. Mwaka 2019 wataalamu wa vyama vya tiba ya mapafu vya Marekani na Ulaya walikadiria kuwa asilimia 14 hivi ya ugonjwa huo inatokana na kazi. Kwa watu ambao hawajapata kuvuta sigara, kadirio lilipanda hadi asilimia 31. Wanawake wengi wa vijiji vya Unguja wamo katika kundi hilo la pili, na ndio ambao daktari aliyezoea kuitafuta sigara huwapita bila kuwaona.

Pana pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito: huo ni moshi wa jikoni, si wa kazi. Lakini mpaka huo umechorwa na kiwanda, chenye geti na king'ora cha kutokea. Bwejuu ua ni jiko na karakana kwa pamoja, na pafu halina njia ya kutenganisha chembe za usumba na chembe za moshi. Ndivyo ilivyo pia kwa wachoma chokaa. Magogo hupangwa kwa duara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawaka kwa siku kadhaa. Mawe yaliyoiva yakimwagiwa maji hupasuka na kutoa joto na mvuke, na unga mweupe unaobaki huwasha macho na koo. Chokaa hiyo ndiyo inayozifaa kuta za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tumeandika mengi juu ya afya ya kuta hizo. Mapafu ya anayezichomea chokaa hayajapata nafasi kama hiyo.

Kifua na presha vinakutana vipi? Chembe laini za moshi na vumbi hufika ndani kabisa ya mapafu na kuamsha uvimbe ambao athari zake huingia katika damu. Mishipa hukakamaa, na neva zinazouhimiza moyo huzidi kuchochewa. Oksijeni ikipungua, moyo hulazimika kusukuma zaidi. Juu ya hayo kuna umri, na chumvi ya ng'onda. Makadirio ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, yaliyotolewa 2021, yanaonyesha kuwa mwaka 2016 ugonjwa sugu wa njia za hewa uliongoza kwa vifo vinavyotokana na kazi, vifo 450,000. Uliofuata ni kiharusi, vifo 400,000, na kiharusi hicho kilihusishwa na kazi ya saa nyingi kupita kiasi.

Gharama ya kutouliza inaonekana wazi zaidi kwenye dawa. Propranololi hushusha presha, lakini hubana njia za hewa na kuizuia salbutamoli isizifungue. Kwa mwenye kifua ni hatari. Bisoprololi, inayolenga moyo zaidi, inaweza kutumika kwa uangalizi. Kaptoprili na enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Sasa mfikirie msokotaji wetu, ambaye tangu zamani anakohoa kila asubuhi. Anapewa enalaprili, kikohozi kinazidi.

"Bado unakohoa, bi mkubwa?"

"Bado, mwanangu. Usiku silali."

Anaandikiwa antibayotiki, kisha makohozi yanapimwa kifua kikuu, kisha antibayotiki nyingine. Huenda kubadilishiwa losatani au amlodipini kungetosha kujua kikohozi kipi ni cha kidonge na kipi ni cha makumbi. Kwa upande wa pili, prednisoloni anayopewa kifua kikimzidi inaweza kuipandisha presha ileile anayotibiwa. Na salbutamoli nyingi, zikichanganyika na vidonge vya kukojoza, hushusha potasiamu na kuyumbisha mapigo ya moyo.

Nakubali kwamba swali peke yake haliwezi kuthibitisha ugonjwa. Kipimo kamili ni spiromita: baada ya salbutamoli, hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikiwa chini ya 0.70 ya hewa yote iliyopulizwa, njia zimeziba. Lakini kipo pia kile kibomba cha plastiki chenye mshale cha kupimia kasi ya pumzi, kisichohitaji umeme, ambacho kinaweza kumwonyesha muuguzi nani apelekwe kwenye spiromita.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ni ya mwaka 2005, lakini fikra ya ukaguzi na fidia kwa jumla humtanguliza mwajiri, na msokota kamba hana mwajiri. Kwake, muuguzi wa presha huenda ndiye mkaguzi pekee atakayekutana naye. Pamoja na ushauri wa chumvi, anaweza kumwambia aunyunyizie usumba maji kabla ya kuukung'uta, akae upande unakotoka upepo, na mafiga yahamie ng'ambo ya pili ya ua. Na kwenye kadi, chini ya namba za presha, aandike kazi na miaka yake: makumbi, miaka 40.